Mawe ya Uwanjani

Nilifika Warsaw mwezi wa Oktoba 2016 kwa masomo ya uhandisi wa maji, na Jumapili ya kwanza nikatoka kutafuta kanisa. Mimi ni Mlutheri wa Meru. Nimebatizwa, nimepata kipaimara, nimeimba kwaya, na kwa miaka minne nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi ya usharika wetu. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike habari hizi.

Poland ni nchi ya Wakatoliki. Walutheri ni wachache sana, lakini katikati ya Warsaw wanalo kanisa kubwa la duara lenye kuba, Kanisa la Utatu Mtakatifu, lililojengwa kati ya 1777 na 1781. Ibada ni kwa Kipolandi. Mahubiri sikuyaelewa, ila utaratibu niliufuata bila shida kwa sababu ni uleule: nilijua ni wapi tunaungama, ni wapi tunasimama kwa Injili, ni wapi sadaka inapita. Nyimbo mbili nilizitambua kwa sauti zake, nikaziimba polepole kwa Kiswahili. Mzee mmoja aliyekaa kando yangu akageuka, akatabasamu, akanisogezea kitabu chake cha nyimbo, ingawa hakikuwa na msaada wowote kwangu.

Mzee huyo ndiye aliyenipeleka uwanjani. Baada ya ibada aliniuliza, kwa Kiingereza cha taratibu, nafanya kazi gani. Nilipomjibu kwamba ni mhandisi aliinua kofia yake kidogo, na tangu siku hiyo hakuniita kwa jina. Huko Poland mhandisi huitwa kwa cheo chake, kama sisi tunavyosema mwalimu au mchungaji. "Bwana Mhandisi," akasema, "njoo nikuonyeshe uwanja wetu." Hakujua kwamba neno hilo lilikuwa linanichoma.

Ni mwendo wa dakika chache tu. Unapita ubavuni mwa jumba la sanaa, unavuka barabara, na mbele yako panafunguka eneo pana, tupu, lililotandikwa mawe. Huo ndio Uwanja wa Piłsudski. Upande mmoja kuna hoteli kubwa iliyojengwa 1976, upande mwingine kuna jengo la ofisi la mawe na vioo ambalo mchoro wake ni wa Mwingereza Norman Foster. Mbele kabisa, ukingoni mwa bustani yenye miti mirefu, yamesimama matao matatu. Chini ya matao hayo unawaka moto usiozimwa, na askari wawili wamesimama kama waliochongwa. Nilimuuliza mzee kama lile ni lango la bustani.

"Si lango," akasema. "Hilo ndilo lililobaki la jumba la mfalme."

Jumba lenyewe liliitwa Jumba la Saksonia, kwa sababu Augusto wa Pili, aliyelipanua kuanzia mwanzoni mwa karne ya 18, alikuwa mfalme wa Poland na mtawala wa Saksonia kwa wakati mmoja. Uwanja tuliosimama ulikuwa ua wake. Bustani ya nyuma ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1727, jambo lililokuwa geni katika siku hizo. Baadaye Poland iligawanywa na majirani zake watatu, ikafutika kwenye ramani, na Warsaw ikawa chini ya Tsar wa Urusi. Mwaka 1841 Tsar alisimamisha katikati ya uwanja mnara wa kuwakumbuka maofisa wa Kipolandi waliouawa 1830 kwa kukataa kuasi. Kila Mpolandi aliyepita pale alijua maana yake: huyu ndiye Mpolandi ninayemtaka. Mnara huo ulikaa zaidi ya miaka hamsini, kisha 1894 ukahamishiwa uwanja mwingine ili kupisha kitu kikubwa zaidi.

Kitu hicho kilikuwa kanisa.

Mzee alinionyesha picha yake kwenye simu. Kanisa kuu la Waorthodoksi, la Mtakatifu Aleksanda Nevsky, lenye makuba ya dhahabu na mnara wa kengele wa mita 70, mrefu kuliko jengo lolote la Warsaw wakati ule. Lilijengwa kuanzia 1894 hadi 1912, na mchoraji wake alikuwa Mrusi Leon Benois. Miaka kumi na minane ya kazi. Ndani lilipambwa kwa nguzo za yaspi na picha zilizoundwa kwa vijiwe vya rangi. Mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Warusi waliondoka Warsaw na Wajerumani wakaingia. Kwa hiyo wenye kanisa walisali ndani yake miaka mitatu tu. Poland ilipopata uhuru mwishoni mwa 1918 wakaanza kuulizana walifanye nini, na kati ya 1924 na 1926 wakalibomoa. Kuta zake zilikuwa nene mno kwa nyundo na sururu. Ilibidi kuzipasua kwa baruti, kidogo kidogo, maelfu ya milipuko, huku watu wa mjini wakiendelea na shughuli zao.

"Nani alilibomoa?" niliuliza, ingawa alikuwa amekwisha kuniambia.

"Sisi," akasema mzee. "Wakristo."

Nilisimama pale na baridi ya Oktoba, nikakosa la kusema. Alidhani nimeshangazwa na ukali wa Wapolandi. Akaanza kunieleza, kwa upole wa mtu anayeitetea familia yake, kwamba lile kanisa halikujengwa ili watu wasali bali ili watu walione. Kwamba lilipandwa pale kama bendera. Nakubali. Mtawala akitaka kukuonyesha kwamba ardhi si yako tena, hana njia iliyo bora kuliko kujenga nyumba ya Mungu juu yake, kwa kuwa nani atathubutu kuigusa? Lakini nilifikiri pia juu ya ile miaka mitatu. Kuna mtoto alibatizwa mle ndani. Kuna mjane aliwasha mshumaa kwa ajili ya mumewe. Yeye hakuwa Tsar. Katika Seneti ya Poland yenyewe palikuwa na mjumbe Mworthodoksi aliyesimama na kupinga ubomoaji huo. Hakusikilizwa.

Sasa niseme kwa nini nilinyamaza.

Kanisa letu la zamani kule nyumbani lilijengwa 1958. Baba alikuwa na miaka kumi na saba. Vijana wa kipaimara wa mwaka ule walipangiwa kupandisha mawe kutoka korongoni, kila mmoja kwa idadi yake, na mafundi waashi wakawateua wachache kuwafundisha kuchonga. Baba alikuwa miongoni mwa hao wachache. Tulipokuwa wadogo alituzungusha kila Krismasi akituonyesha: jiwe hili nililichonga mimi, lile la mjomba wenu, hili la kijana fulani aliyefariki kabla ya kanisa kuezekwa. Kila mmoja wao alikuwa ametia alama yake pembeni kwa tindo. Ya baba ilikuwa mistari miwili na nukta, ya mjomba ilikuwa msalaba ulioinama.

Mwaka 2012 usharika ulikuwa umekua na wazee walitaka kanisa jipya la watu elfu moja. Kiwanja kilikuwa kimoja. Katika kanisa la zamani palikuwa na ufa kwenye ukuta nyuma ya madhabahu, nami nikaombwa, kwa kuwa ni mhandisi na mtoto wa usharika, niandike taarifa ya hali ya jengo. Nilijua ni taarifa gani inatakiwa. Hakuna aliyeniambia niseme uongo. Wala hakukuwa na haja, maana watu wazima wakikutazama kwa matumaini inatosha. Nilipima upana wa ufa, nikapiga picha, nikaandika kwamba msingi umetitia upande wa mashariki na jengo ni hatari kwa waumini. Msingi wenyewe sikuuchimba. Shimo la mita moja na nusu lingenichukua asubuhi moja.

Kanisa lilibomolewa 2013. Mashine ilihangaika na ule msingi siku tatu. Siku ya tatu baba alisimama pembeni na fimbo yake, akatazama, kisha akaniuliza mbele ya watu: "Umetitia wapi, mhandisi?"

Hakuniita mwanangu. Tangu siku hiyo mpaka nilipopanda ndege kwenda Poland hakuniita hivyo tena. Hakugombana nami. Aliitikia shikamoo yangu, aliniuliza habari za watoto, tulikula pamoja. Lakini kila Jumapili alipita mbele ya kanisa jipya akatembea karibu saa nzima kwenda kusali usharika wa jirani, na watu walipomuuliza alijibu kwamba miguu inataka mazoezi.

Basi huyo ndiye Bwana Mhandisi aliyekuwa anaonyeshwa mahali ambapo Wakristo walibomoa kanisa.

Nilirudi uwanjani mara nyingi baada ya hapo, mara nyingi peke yangu. Ukitoka kanisani Jumapili na kuchelewa kidogo unakuta zamu ya askari inabadilishwa saa sita mchana, kwa bendi na mwendo wa gwaride, na watalii wanapiga picha. Chini ya yale matao ndipo amelazwa Askari Asiyejulikana. Alizikwa tarehe 2 Novemba 1925. Mwili wake ulitoka Lwów, na aliyechagua jeneza lake kati ya majeneza ya askari wasiojulikana alikuwa mama mmoja, Jadwiga Zarugiewiczowa, ambaye mwanawe alikufa vitani 1920 na mwili wake haukupatikana. Nilikaa nikamfikiria mama huyo akisogeza mkono wake juu ya mbao. Na ukiangalia tarehe utaona jambo jingine: siku ile wanamzika yule askari kwa heshima zote, hatua chache mbele yake ubomoaji wa kanisa la Warusi ulikuwa bado haujaisha. Wafiwa waliimba nyimbo za mazishi kwenye uwanja wenye vifusi.

Uwanja ulibadilishwa jina mara nyingi kuliko mtu anavyobadilisha shati. Ulikuwa Uwanja wa Saksonia. Mwaka 1928 ukapewa jina la Piłsudski, mwanajeshi aliyeongoza Poland kupata uhuru. Wajerumani walipoiteka nchi waliuita kwa jina la Adolf Hitler. Mwishoni mwa Desemba 1944, Warsaw ilipokuwa tayari imeshindwa na watu wake kufukuzwa, walilitegea Jumba la Saksonia baruti wakalilipua lote. Vita ilikuwa imekwisha kuwaelemea, baruti walikuwa wanaihitaji kwingine, lakini walipata muda wa kulipua jumba tupu katika mji usio na watu. Kilichobaki ni kile kipande juu ya kaburi. Baada ya vita serikali ya kikomunisti ikauita Uwanja wa Ushindi, na 1990 likarudi jina la Piłsudski.

Kanisa letu la duara nalo halikusalimika. Liliungua kwa mabomu Septemba 1939, kuba likaanguka ndani, na likaja kujengwa upya baada ya vita. Askofu wake, Juliusz Bursche, jina lake la ukoo lilikuwa la Kijerumani, kama walivyo Walutheri wengi wa Poland. Wajerumani walipoingia angeweza kusema yeye ni mwenzao. Alikuwa mzee wa miaka 77. Hakusema. Walimkamata Oktoba 1939, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, na alifariki mikononi mwao 1942. Habari zake nilizisoma jioni moja bwenini, na nilipofika kwenye neno moja hilo ambalo angeweza kulisema ili apone, na hakulisema, nilifunga kompyuta nikaenda kutembea. Mimi neno langu nililiandika kwa hiari, bila mtu yeyote kunishika shati, ili wazee waniangalie vizuri.

Mzee alikuwa na hadithi nyingine aliyoipenda kuliko zote, na aliirudia kila tukikutana. Tarehe 2 Juni 1979, mkesha wa Pentekoste, Papa Yohane Paulo wa Pili aliadhimisha Misa uwanjani pale, chini ya serikali isiyotaka kusikia habari za Mungu. Ulisimamishwa msalaba mkubwa wa mbao, na mamia ya maelfu ya watu wakajaa mpaka mitaa ya pembeni. Mwisho wa mahubiri Papa alimwomba Roho Mtakatifu ashuke aufanye upya uso wa nchi, kisha akaongeza kwamba ni nchi hii. "Mimi Mlutheri nilikuwepo," mzee aliniambia, akionyesha kwa fimbo mahali hasa alipokuwa amesimama. Miaka miwili baadaye Kardinali Wyszyński aliagwa uwanjani hapohapo, na watu wakazoea kuweka maua chini kwa umbo la msalaba. Serikali ilipotangaza hali ya kijeshi Desemba 1981, ule msalaba wa maua ukawa unaondolewa usiku na kurudishwa mchana. Hatimaye waliuzungushia uwanja uzio kwa kisingizio cha matengenezo. Fikiria serikali yenye vifaru inaogopa maua! Leo mahali pale pamesimama msalaba wa mawe, uliowekwa 2009.

Nilimuuliza kama watu wa mwaka 1979 walijua kwamba mahali wanapopiga magoti palikuwa na kanisa jingine chini yao. Alifikiri kwa muda mrefu. "Wazee walijua," akasema. "Hatukulitaja."

Ndipo nikaanza kufuatilia yale mawe yalikokwenda. Nadhani kila mtu ana njia yake ya kutubu. Ya mhandisi ni kutafuta vifaa. Si kila kitu kilitupwa. Nguzo za yaspi zilipelekwa Kraków, na leo zimeshika paa la shaba nyeusi juu ya mlango wa chumba alimozikwa Piłsudski mwenyewe, kwenye kanisa kuu la Wawel. Mambo ya kushangaza haya: nguzo za kanisa la Tsar zinamlinda mtu aliyepigana na Tsar. Baadhi ya zile picha za vijiwe zilikwenda Baranovichi, ambayo sasa iko Belarus. Vipande vingine viko Warsaw yenyewe, ng'ambo ya mto Wisła, katika kanisa la Waorthodoksi la Maria Magdalena. Nilikwenda huko Jumamosi moja kwa tramu. Nje magari yalikuwa yanapita kwa kelele. Ndani mama mmoja alikuwa anakwangua nta ya mishumaa sakafuni kwa kisu, na alinitazama, akaendelea na kazi. Nilisimama mbele ya vile vijiwe vya rangi mpaka miguu ikachoka. Waliobomoa walikuwa na hasira ya miaka zaidi ya mia, na bado kuna mtu alisema, hiki tusikivunje. Sisi hatukuwa na hasira yoyote. Tulikuwa na haraka tu, na mawe yetu tuliyauza kwa tripu za lori.

Siku ya Pentekoste 2017, baada ya ibada, niliketi kwenye benchi katika Bustani ya Saksonia, nyuma ya matao, nikampigia baba simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Huko mmekula?"

Nilimweleza habari za uwanja. Baba anawajua Wapolandi. Alipokuwa mtoto palikuwa na kambi yao pale Tengeru, watu kama 5,000, wengi wanawake na watoto, waliohamishwa kwa nguvu na Warusi kupelekwa Siberia, wakapitia Iran na kuvuka bahari mpaka wakafika kwetu kuanzia 1942. Bibi aliwauzia ndizi na maziwa, na baba alikuwa akimfuata nyuma kwa ajili ya kuona watoto wenye nywele nyeupe. Makaburi yao yapo mpaka leo. Baba akaniuliza: "Hao Wapolandi, makanisa yao ni ya mawe?"

Nikamwambia ni ya mawe. Nikamwambia kwamba moja walilibomoa. Nikamwambia kuhusu baruti na nguzo na vijiwe vya rangi. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha nikasema, "Baba, ule msingi sikuuchimba."

Nilisikia kuku wakilia nyuma yake. Nikadhani simu imekatika.

"Nilijua," akasema. "Shimo lingeonekana. Mimi nilikuwa napita pale kila siku."

Nikaanza kuomba msamaha, akanizuia. "Umeniambia mimi. Mimi si usharika." Halafu akauliza, kwa sauti ileile aliyoulizia habari ya chakula, "Mawe yako wapi?"

Sikujua. Katibu wa kamati sikujua.

Barua kwa baraza la wazee niliiandika wiki hiyohiyo, ukurasa mmoja, na iliniumiza kuliko tasnifu. Nilieleza nilichopima na nisichopima. Nasikia iliposomwa, mzee mmoja alisema mambo yaliyopita si ndwele, mwingine akasema naliaibisha kanisa jipya kabla deni lake halijalipwa, na mchungaji akasema jambo kama hili lingefaa lisemwe na mwenyewe. Niliporudi Julai 2018 nilisimama mbele ya usharika nikasema. Ilichukua dakika nne. Baba hakuwepo, ilikuwa Jumapili, naye alikuwa kwa jirani.

Kabla sijaondoka Warsaw uwanja ulikuwa umebadilika tena. Aprili ile walizindua ngazi nyeusi za mawe kuwakumbuka waliokufa kwenye ajali ya ndege ya Smolensk ya 2010, pamoja na rais wao Lech Kaczyński, na mji ulikuwa umegawanyika kama zinastahili kuwa pale au la. Mwaka 2021 walitunga sheria ya kulijenga upya Jumba la Saksonia. Mzee aliniandikia kwamba wameanza kufukua, na misingi ya zamani inaonekana. Mwishoni mwa barua aliongeza: "Bwana Mhandisi, misingi ni mizima."

Mawe yetu tuliyatafuta wiki mbili, mimi na baba. Tulianza na dereva wa lori, naye akatupeleka kwa mnunuzi, na mnunuzi akakumbuka kwamba tripu nyingi zilikwenda kwenye ukuta wa kuzuia udongo kando ya barabara ya sokoni, juu ya mtaro. Tulifika asubuhi baada ya mvua. Ukuta ulikuwa umeota majani, na kina mama walikuwa wameanika maharage juu yake. Wajenzi walikuwa wameyapanga mawe ovyo, mengine uso ukiwa ndani. Baba aliteremka mtaroni na viatu vyake vya ibada, akaanza kufuta tope kwa kiganja, jiwe baada ya jiwe, huku wale kina mama wakitutazama. La tano au la sita akasimama. Msalaba ulioinama.

"Mjomba wako," akasema.

Alitafuta la kwake mpaka jua likapanda, hakulipata. Huenda liko upande wa ndani. Alipotaka kupanda alininyooshea mkono. "Nishike, mwanangu," akasema, "huku kunateleza."

Jumapili iliyofuata alikwenda kusali usharika wa jirani kama kawaida yake. Nilimsindikiza.